Ukienda Haller Park nenda mvua ikipungua, na utazame chini

Wajameni, wengi tukienda Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi, Mombasa, tunakimbilia twiga, picha mbili tatu, tushatoka. Twiga ni wazuri sikatai, lakini kitu chenyewe hasa mwakipita mkikikanyaga.

Kufika ni rahisi, ukiwa mjini panda matatu za Bamburi au Mtwapa, mukivuka daraja la Nyali mwambie konda akushushe Haller Park, wote wanapajua. Beba kitambulisho manake mwenyeji halipi sawa na mgeni wa nje. Pale getini uliza kwanza saa ya kulisha twiga halafu hiyo mizunguko yako mingine uipange kwa hiyo saa.

Sasa msimu. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto si mchezo, nenda asubuhi na maji ya kutosha, na likizo ya Disemba kunajaa. Masika njia zinateleza, ndara ziache nyumbani vaa raba. Mimi napenda Juni hivi, mvua inapungua, kusi inapuliza, kila kitu kibichi na jongoo wako nje wanatembea.

Ndio, jongoo. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha simiti, walianza kuchimba 1954 wakachimba mpaka pakabaki peupe, jangwa tupu, hata nyasi hamna. 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa hicho kiwanda, akaanza kupanda miti, alijaribu aina 26 na karibu yote ikafa, iliyoshika ni michache na mvinje ndio uliotia fora. Lakini yale majani ya mvinje, yale kama sindano, hayaozi upesi, yakawa yanarundikana tu juu ya jiwe, basi wakaletwa jongoo wale wa miguu myekundu, wakayala, kinyesi chao kikawa mboji, na kwa hiyo mboji ndio miti mingine ikapata pa kuotea. Yaani msitu wote ule, kazi ya jongoo!

Kwa hiyo ukifika chini ya mivinje usipite. Chutama, fukua majani taratibu kwa kijiti: juu makavu, chini yake yamevunjikavunjika, chini kabisa utaona udongo mweusi laini, na chini ya huo ni jiwe. Jongoo mwangalie tu usimshike, majimaji yake yanawasha ukijipangusa macho. Ukimaliza rudisha majani ulivyoyakuta.

Chakula kifunge vizuri ndani ya mfuko, tumbili wana mikono myepesi, na usiwape hata kama wanakutia huruma.

Kwa kobe wakubwa wasimulie watoto habari ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya 2004, akaletwa hapo akamganda kobe mzee kama mamake.

Wangu mimi niliwaambia wahesabu jongoo, wakafika arubaini na kitu, twiga tukachelewa na hakuna aliyelia.