Mambo ya kuzingatia kabla ya kujitengenezea bodi ya saketi ya majaribio

Anza na bredibodi, yaani ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa bila kulehemu. Saketi ambayo haijafanya kazi pale haiwezi kupona kwa kuhamishiwa kwenye bodi ya shaba, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Ikishakubali, chapisha mchoro kwenye karatasi ya kawaida kwa asilimia 100, kisha weka vifaa vyenyewe juu yake, kimoja kimoja. Hatua hii haina gharama, lakini ndiyo inayorukwa zaidi. Miguu ya chipu za kawaida za kupenyeza, yaani zile ambazo miguu yake hupita kwenye matundu ya bodi, hupishana milimita 2.54. Kwa chipu ya miguu 20, mguu wa kwanza na wa mwisho wa safu moja wako umbali wa milimita 22.86. Printa ikipunguza ukurasa kwa asilimia 4 tu ili uenee, mguu wa mwisho unakosa tundu kwa karibu milimita nzima. Basi pima kwa rula, usiamini kioo cha kompyuta.

Angalia pia upande. Weka herufi mbili tatu kwenye njia za shaba: kwenye karatasi ya kuhamishia, ile inayobanwa juu ya shaba kwa pasi ya moto ili mchoro uhamie, zionekane kinyume, ili kwenye shaba zisomeke sawa. Njia zenyewe zisiwe nyembamba kuliko nusu milimita kama unahamisha kwa pasi, na mapengo kati yake vivyo hivyo.

Printa iwe ya leza. Tona ni unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto na kushika shaba. Wino wa maji hauwezi kazi hiyo. Shaba isuguliwe kwa msasa laini au stili waya, ioshwe, kisha isiguswe kwa vidole. Mwagia maji: yakitanda kama utando, iko safi, yakijikusanya matone, bado ina mafuta.

Dawa inayokula shaba isiyofunikwa na tona, feri kloraidi, itayarishie chombo cha plastiki au kioo, kamwe si cha chuma. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, na vaa nguo usizozionea uchungu, maana doa lake halitoki. Ikichoka usiimwage kwenye sinki: ina shaba iliyoyeyuka, sumu kwa samaki na viumbe vya majini. Ihifadhi kwenye chupa yenye lebo hadi ipelekwe panapopokelewa taka za kemikali.

Kwa matundu, keekee za milimita 0.8 na 1 zinatosha vifaa vingi. Vumbi la bodi ya nyuzi za kioo linaumiza mapafu, kwa hiyo barakoa ni lazima.

Kama mchoro una tabaka mbili na matundu mengi ya kuziunganisha, agiza kiwandani; nyumbani utalipia kwa muda.

Malitimita, kifaa cha kupimia umeme, iwe mezani tangu mwanzo. Kila njia ipimwe kabla ya kulehemu, kwa sababu uzi wa shaba uliosalia kati ya njia mbili huonekana kwa shida, na ukishafunikwa na chipu hauonekani kabisa.