SOMO: Mteja karudisha kiatu cha ajabu, unafanyaje

Habari za kazi ndugu zangu. Niko Kariakoo nauza viatu dukani, leo tuongelee vinavyorudishwa maana hivi ndo vinawavunja moyo wauzaji wapya kuliko hata siku hujauza.

Hatua ya 1. Mpe kiti, pokea kiatu, usijibu kitu kwanza. Ukianza na "mali ikishauzwa hairudishwi" mshagombana tayari na yule anayejaribu viatu pembeni anaondoka.

Hatua ya 2. Geuza usome soli. Kilichojaribiwa ndani tu kina vumbi la kufuta na kitambaa, kilichotembea barabarani kisigino kimelika upande wa nje na ngozi juu ina mikunjo pale vidole vinapopinda, ingiza na mkono ndani usikie kama vidole vimeacha alama. Jumatatu mama mmoja kaniletea mchuchumio, anasema ni mdogo, hajauvaa kabisa, nacheki kisigino kina udongo umekauka na nyasi imenasa, yani ulikuwa unazama kwenye bustani ya sherehe. Sikumwita muongo. Nikamwonyesha ile nyasi nikamwambia mama huu siwezi kumuuzia mwenzio kama mpya, ila nampa fundi akutanulie bure. Alikubali.

Hatua ya 3. Soma namba miguu yote miwili. Ukikuta kushoto 41 kulia 42 kosa ni letu, omba radhi, badilisha hapohapo, halafu kimbia stoo ukatafute pea ya pili iliyochanganywa kabla haijauzwa, hii wengi wanasahau.

Hatua ya 4. Kiatu kipya soli inamomonyoka kama keki. Mteja hajakichezea jamani! Soli nyingi za PU (polyurethane, aina ya plastiki nyepesi) zinanyonya unyevu wa hewani zinajifia taratibu hata zikiwa ndani ya boksi, na joto letu la pwani linaharakisha. Kama umemuuzia juzi tu basi kilikaa stoo miaka, mrudishie hela yake. Mimi naandika kwa peni chini ya boksi tarehe mzigo ulipoingia, wa zamani unatoka kwanza.

MASWALI

Swali: Mteja hana risiti je?
Jibu: Angalia meseji ya malipo ya simu, tarehe na kiasi vipo. Ila wewe mpe risiti kila mtu, ni sheria na inakulinda.

Swali: Mguu mmoja 40 mwingine 41, anataka nimchanganyie.
Jibu: Usivunje pea. Mpe 41, ule mdogo muwekee soli ya ndani ya ziada. Na mpimie jioni, miguu ikishavimba kidogo, atarudi mara chache.

Swali: Bosi ananikata mshahara nikipokea kiatu kilichorudi, nifanyeje dada?
Jibu: Pole sana mdogo wangu, hiyo sio haki kabisa. Kaa naye siku duka limetulia mkubaliane siku ngapi na hali gani kinapokelewa, muandike mbandike kaunta. Na kila kinachorudi kipige picha soli mteja akiwa hapohapo, umtumie bosi kabla hujatoa hela.