Timu yako imeachwa nje? Piga hesabu kabla ya kulalamika

Mashindano ya hoki ya barafuni ya vyuo vya Marekani (NCAA, wanaume, daraja la kwanza) huchukua timu 16. Sita ni mabingwa wa ligi zao. Nafasi 10 zilizobaki hugawanywa kwa viwango. Kwa hiyo anza kuhesabu mabingwa walio chini ya nafasi ya 16: kila mmoja huisukuma nje timu iliyo juu yake.

Kwa misimu ya PairWise (mfumo wa zamani wa kupanga timu kwa kuzilinganisha mbili mbili), chukua RPI, yaani kipimo cha nguvu ya timu: asilimia yako ya ushindi mara 0.25, ya wapinzani mara 0.21, ya wapinzani wa wapinzani mara 0.54. Jumlisha.

Timu A: .600, .500, .510 = .5304.
Timu B: .560, .530, .520 = .5321.

B ina asilimia ndogo ya ushindi kuliko A, lakini iko juu. Hapo ndipo penye hoja ya kweli: 75% ya alama hutoka kwenye mechi za wengine, na ratiba ya ligi huichagui. Kosa la kawaida ni kusahau uzito wa uwanja: ushindi wa nyumbani huhesabiwa 0.8, wa ugenini 1.2.