Jinsi ya Kupunga Upepo Bila Kuhesabu Hatua

Anayekwenda kupunga upepo jioni Mama Ngina, kando ya bahari mjini Mombasa, naye kila mara akawa anaitazama saa ya mkononi kujua imehesabu hatua ngapi, ameshaigeuza starehe yake kuwa kazi. Mwaka 2016, mtafiti Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliopimiwa hatua walizotembea au kurasa walizosoma walitembea na kusoma zaidi, lakini raha yao ilipungua, na hamu ya kuendelea ikapungua pia.

Ikiwa daktari amekuagiza utembee, au unajiandaa kwa mashindano ya mbio, endelea kupima. Maneno haya yanahusu matembezi ya kujifurahisha tu.

Kuiacha saa nyumbani hakutoshi, kwa sababu simu iliyo mfukoni nayo huhesabu kimyakimya. Fungua mipangilio yake, uinyime programu ya afya ruhusa ya kufuatilia mwendo, kisha uzime arifa za pongezi. Usiogope kuyapoteza yale malengo ya hatua 10,000, kwani idadi hiyo ilipata umaarufu kupitia kipimahatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala haikuanzia hospitalini. Mahali pa namba weka mpaka unaotokana na mahali penyewe: tembea mpaka meli inayoingia bandari ya Kilindini ikupite, au mpaka usikie adhana ya Magharibi.

Picha zinahitaji uangalifu zaidi. Mtafiti Alixandra Barasch na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba wanaopiga picha kwa nia ya kuzisambaza mtandaoni hufurahia kidogo kuliko wanaozipiga kwa kumbukumbu zao wenyewe, kwa kuwa akili yao huwa imeshughulika na namna watakavyoonekana kwa watu. Ndiyo maana siwashauri wasomaji waahirishe tu kuziweka kwenye stetasi hadi wafike nyumbani; kinachoharibu ni ile nia, nayo huwapo tangu kamera inapofunguliwa. Amua kabla ya kutoka kwamba picha za leo hazitaonwa na mtu ila wewe na uliofuatana nao. Muuzaji anapoupasua muhogo wa kukaanga, akaupaka pilipili na kuukamulia ndimu, uule ungali moto, maana anayeuzungusha mbele ya jua linalotua akitafuta pembe nzuri huishia kula muhogo uliopoa, na aliyekaa naye ukutani huwa amenyamaza akimsubiri.

Linalobaki ni kundi la marafiki mnaotumiana umbali wa kila siku, na hapo wengi hushindwa, kwa kuwa anayenyamaza hudhaniwa ni mvivu au mgonjwa. Waeleze waziwazi kwamba umeacha kupima. Wakikuuliza ulitembea kiasi gani, wajibu kwamba hujui, kisha uwakaribishe Jumapili alasiri mtembee pamoja.