Kipa Mstaafu Akienda Kunoa Makipa wa Chuo

Kipa aliyecheza ligi kuu miaka mingi hufanya mengi bila kuyafikiria. Mwili unajua, mdomo haujui kueleza, na hapo ndipo ualimu unapomshinda. Kijana wa chuo naye ana mazoezi matatu kwa wiki, dakika 75 kila mara, katikati ya vipindi na mitihani. Usimwage kila ulichonacho. Anza na miguu yake.

Siku ya kwanza usimsahihishe. Egesha simu nyuma ya nyavu, mpigie mashuti 20 kutoka mita 16, kisha mtazame pamoja. Simamisha picha pale mguu wa mpigaji unapogusa mpira, uangalie nyayo za kipa. Wengi utawakuta hewani: wamepiga kiruko cha kujiandaa kwa kuchelewa, mpira umeshaondoka nao hawajatua. Aliye hewani hana pa kujisukumia, kwa hiyo hata shuti linalopita mita moja pembeni yake linaingia, na mashabiki watalaumu mikono.

Dawa yake ni sauti yako. Mpigaji akivuta mguu nyuma, tamka "Tua!" Nyayo zote mbili ziwe chini, upana wa mabega, visigino vyepesi, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele kati ya kiuno na kifua. Mashuti sita, apumzike sekunde 90, seti nne, basi. Ukimpigia 30 mfululizo anachoka, na akishachoka anarudia makosa yale yale hadi anayazoea. Makipa wawili au watatu wakipokezana na mipira minane, mapumziko yanapatikana bila kupoteza muda.

Kwenye kudaka, mpira wa juu ya kifua unapokewa kwa vidole vilivyotanuka, dole gumba na dole gumba vikikaribiana nyuma ya mpira. Wa chini ya kiuno, vidole vinaelekea ardhini, vidole vya mwisho vikikaribiana, viwiko karibu na mbavu. Kipa anayetema mipira mara nyingi ameupokea kwa viganja, au viwiko viko wazi na mpira umepenya katikati. Kagua na glovu: sehemu yake ya kudakia ikikauka na kujaa vumbi huteleza, zilowanishe kidogo kabla ya kuanza.

Kuanguka kufundishwe kwa ngazi: akiwa ameketi, kisha amepiga magoti, kisha amechuchumaa, mwisho amesimama. Mara sita kila upande katika kila ngazi, ukimrushia kwa mkono. Atue kwa upande wa paja, nyonga, kisha bega, kamwe si kwa kiwiko wala tumbo. Viwanja vingi vya vyuo vyetu kiangazi huwa vigumu kama saruji, na kijana aliyeumia nyonga mara moja ataanza kuogopa kujitupa. Tumia shimo la mchanga la kurukia la riadha, baada ya kuokota mawe.

Pembe za goli ndizo zinazostahili siku nzima, kwa sababu hapa ndipo uzoefu wako una thamani kubwa na ndipo maneno yanapokosekana. Chukua kamba mbili, funga kila moja chini ya mlingoti, zikutane penye mpira. Kipa asimame ndani ya hizo kamba. Goli lina upana wa mita 7.32. Mpira ukiwa mita 11 katikati ya goli, akisogea mita 2 mbele ya mstari anabaki na takriban mita 6 za kulinda. Akisogea 4, mita 4.7. Ataona kwa macho yake faida ya kusogea. Kisha mwonyeshe hasara: mrushie mpira wa juu ya kichwa, na mpigie shuti kali aone muda wa kuitikia ulivyopungua. Baada ya kila jaribio muulize, "Umeona nini?" Ajibu kwanza, ndipo useme. Hamisha mpira, hamisha kamba, rudia.

Krosi: kosa kubwa ni kutoka mapema, kabla ya kuusoma mpira. Asubiri, kisha aende kwa kasi, aruke kwa mguu mmoja, goti la upande wa mpinzani likiwa juu, adake kwenye kilele. Akiwa na shaka, apangue kwa ngumi mbili, juu na pembeni. Maneno mawili tu na mabeki: "Yangu!" na "Ondoa!"

Mwisho, kagua sheria ulizozizoea, maana huenda unafundisha za zamani. Tangu 2019 mpira wa goli (goal kick) unaweza kupokelewa ndani ya 18, na kwenye penalti unatosha mguu mmoja kuwa juu au usawa wa mstari mpira unapopigwa. Tangu Julai 2025, kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona, si tena adhabu isiyo ya moja kwa moja baada ya sekunde 6. Refa huhesabu tano za mwisho kwa vidole, mkono juu. Mazoezini, inua mkono wako vivyo hivyo kila anapodaka, azoee kuutafuta huku akimtafuta wa kumpasia.