Kutengeneza programu ya watafuta kazi Nairobi kwa pesa ya mfuko wako: anzia saiba

Wacha nianze na vile nilikosea ndio usipoteze miezi kama mimi. Nilikaa miezi minne kwa bedsita yangu huku Roysambu natengeneza apu ya kutafuta kazi, iko na profaili, iko na grafu za kuonyesha umeomba kazi ngapi, iko na kila kitu, nikaiweka Play Store nikatumia watu linki kwa WhatsApp nikangoja. Walioiweka kwa simu walikuwa kama thelathini na baada ya wiki mbili wengi walikuwa wameitoa. Nikauliza jamaa mmoja mbona ameitoa, akaniambia tu simu ilijaa na alitaka nafasi ya video za harusi ya dadake. Hata hakuwa na ubaya nayo, ni vile tu harusi ilikuwa na maana zaidi.

Ndio nikaenda kukaa saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti. Kuna rafiki yangu ako na saiba orofa ya pili karibu na barabara ya Tom Mboya, kompyuta sita na printa moja inakohoa, nikamwomba nimsaidie Jumatatu na Jumanne bila malipo mradi watu wa kuandikiwa CV na kuombewa kazi waje kwa meza yangu. Jumanne nilichagua makusudi kwa sababu ndiyo siku ya MyGov, lile gazeti la serikali lenye matangazo ya kazi, watu hupiga ukurasa picha na simu wanakuja nayo hivyo hivyo imekatwa nusu. Kama unataka kufanya hii kitu, laptopu yako iache kwanza. Kaa saiba wiki tatu ama nne, na usiulize watu "ungependa programu ya aina gani" kwa sababu watakujibu vizuri tu wasikuudhi. Angalia mikono, angalia mtu anakwama wapi, nani anatoa pesa na anaitoa saa ngapi.

Kitu nilichoona huko hakikuwa kwa akili yangu kabisa. Dada mmoja alikuja kuangalia kama ameitwa intavyu, akanipa barua pepe yake iko juu ya CV, nikamwambia haya weka neno la siri. Akaniangalia. Ile barua pepe alifunguliwa na kijana wa saiba nyingine miaka miwili iliyopita, kijana akahama na neno la siri likaenda naye. Yaani miaka miwili anatuma maombi na majibu, kama yako, yanaingia kwa sanduku ambalo hana ufunguo. Nikadhani ni yeye peke yake, lakini wiki hiyo hiyo wakaja wengine wawili wa hadithi ile ile, na wengine CV iko na namba ya laini iliyopotea kitambo.

Kwa hivyo kwa programu niliyotengeneza baada ya hapo huulizwi barua pepe ndio uingie. Unaweka namba ya simu, unatumiwa namba ya siri kwa SMS, unaingia. Na kila mwezi programu inakuuliza swali moja tu, hii namba iko kwa CV bado ni yako? Hicho kiswali kidogo kimesaidia watu kuliko grafu zangu zote za miezi minne.

Toleo la kwanza usiandike hata mstari mmoja wa msimbo. Langu lilikuwa jedwali la Google Sheets na WhatsApp Business, basi. Watu arobaini, kila mmoja nimeandika anatafuta nini na anaishi wapi, na kila jioni saa mbili nasoma matangazo nachagua natuma kila mtu yake. Ukituma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp ujumbe unafikia tu wale wamehifadhi namba yako, na wengi huona hiyo kama shida, mimi niliona ni mtihani mzuri wa bure, asiyehifadhi namba yako hajakuhitaji bado. Wiki ya pili ndio nilielewa watu hawataki kazi nyingi kwa simu. Tovuti za kazi ziko, BrighterMonday iko, Fuzu iko, magrupu ya Telegram yamejaa, kazi za kusoma ni nyingi kuliko data ya kuzisomea. Wanachotaka kujua ni hii ni ya ukweli ama ni ya matapeli, na mwisho wa kutuma ni lini.

Na matapeli ndio watakufundisha biashara. Mtu anatafuta kazi Nairobi ameshaombwa pesa ya usajili, pesa ya yunifomu, pesa ya kupimwa hospitali, ameitwa intavyu kwa chumba hakina jina mlangoni. Sasa wewe unakuja na programu yako nzuri unamwambia lipa 300 uone nafasi za kazi. Kwake wewe na wale ni mtu mmoja. Kwa hivyo weka hii kwa jiwe: kuona kazi ni bure, kutumiwa kazi ni bure, na kila tangazo kuna mtu amempigia mwajiri simu kuhakikisha ni la ukweli, kwa namba iliyotoka kwingine, si ile iko kwa tangazo lenyewe. Mwanzoni huyo mtu ni wewe. Inachosha, najua, na hiyo ndiyo sababu wenye apu kubwa kubwa hawakimbilii kuifanya.

Kuna upande wa sheria pia. Ukianza kuchukua ada ya kumtafutia mtu kazi na kumpeleka kwa mwajiri, wewe si programu tena, wewe ni wakala wa ajira na lazima usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Mimi sikutaka kuingia huko nikiwa peke yangu. Nilisajili jina la biashara kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, nikabaki kwa kuuza chombo.

Chombo gani sasa. CV, lakini si kuiandika tu, kuitoa ikiwa safi kutoka kwa simu ya itel yenye skrini imepasuka. Mtu anajibu maswali kumi na mbili kwa Kiswahili ama Kiingereza, programu inapanga, anaiona yote mpaka mwisho, akiridhika ndio analipa 50 bob atoe PDF. Onyesha kwanza, lipisha baadaye. Nilijaribu kulipisha mwanzo na kila mtu alikuwa anatoroka kwa ule ukurasa wa malipo. Na usiweke malipo ya mwezi, huyu mtu hana mwezi, ana leo. Tena isiwe apu ya kupakua, iwe ukurasa mwepesi unaofunguka hata data ikiwa imebaki kidogo.

Hapa kwa malipo nitakaa kidogo kwa sababu ndio niliumia. Utatumia Daraja, lango la Safaricom la wanaprogramu, akaunti ni bure na unajaribia kwa ile namba ya majaribio 174379 mpaka ukuwe tayari kwenda laivu na Till ama Paybill yako, yaani namba ya biashara ya kupokea M-Pesa. Unataka ile njia ya mteja kutokewa na kisanduku kwa simu aweke PIN tu, asianze kuandika namba ya Till na kukosea. Namba ya simu inaenda ikianza na 254. Mimi niliandika programu ikubali namba za 07 peke yake, nikasahau kabisa za 01 zilizoanza kutolewa 2019, na nani ako na 01? Ni hawa vijana wamemaliza shule juzi, yaani wateja wangu wenyewe. Miezi miwili nawafungia mlango na najiuliza mbona vijana hawalipi.

Kosa la pili lilikuwa baya. Jibu la malipo lilikuwa likichelewa hata sekunde ishirini skrini yangu inasema "jaribu tena", mtu anajaribu tena, analipa mara mbili. Jamaa wa Kayole akanipigia saa tano usiku, hakupiga kelele, alisema tu kwa upole kwamba ile 50 ya pili ilikuwa nauli yake ya asubuhi na asubuhi ndio ana intavyu. Nilimtumia 200 kutoka kwa simu yangu hapo hapo na sikulala mpaka nikarekebisha. Fanya hivi: ukituma ombi la malipo, hifadhi ile CheckoutRequestID unayorudishiwa, na kabla hujamruhusu mtu alipe tena uliza kwanza kwa Daraja hilo ombi liliishia wapi. Namba ya risiti ya M-Pesa iweke isiweze kuingia mara mbili kwa databesi, maana ujumbe ule ule unaweza kukufikia zaidi ya mara moja. Halafu soma namba za matokeo: 0 imepita, 1032 mtu ameghairi mwenyewe, 1037 simu haikupatikana, 2001 amekosea PIN, 1 salio halitoshi. Kwa hiyo ya mwisho tafadhali usimwandikie mtu "huna pesa ya kutosha" kwa maandishi mekundu, anajua. Mimi naandika "Malipo hayajapita. CV yako iko salama, rudi wakati wowote", na watu hurudi, wengine baada ya siku tatu.

SMS nazo zitakumaliza usipochunga. Ujumbe mmoja ni herufi 160, lakini ukiweka emoji moja tu ama ile alama ya kunukuu iliyopinda, ujumbe wote unahesabiwa kwa herufi 70, kwa hivyo kile ulichokuwa unalipia mara moja unalipia mara mbili ama tatu. Nilikuwa naweka kaemoji ka mkoba kila tangazo, nikashtuka salio la SMS linaisha Jumatano. Andika kavu: kazi, mahali, mwisho wa kutuma, linki fupi. Na mtumie mtu tu akiwa hajafungua ukurasa siku kadhaa.

Gharama zingine ni ndogo. Seva ya dola 6 kwa mwezi inabeba maelfu ya CV bila shida, domeini ya .co.ke unalipia mara moja kwa mwaka. Lakini kumbuka seva ni ya dola na mapato yako ni ya shilingi, mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu 160 kabla ya kurudi chini kwa 130 hivi, na mimi kodi ya nyumba haikunipunguzia kwa sababu hiyo. Ndio maana nasema usiache kazi yako. Nilikuwa natengenezea watu tovuti mchana, programu yangu ilikuwa ya usiku na ya hizo siku mbili za saiba, na niliandika kwa karatasi ukutani kwamba haitachukua zaidi ya elfu tatu zangu kwa mwezi. Mwezi ambao ilitaka nne nilizima kitu.

Na vyeti vya watu usicheze navyo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kuna Kamishna wa kuisimamia. Njia rahisi ni kutokusanya: mimi siweki picha ya kitambulisho, siweki vyeti, sina haja navyo kutoa CV, na mtu akisema nifute nafuta siku hiyo.

Sasa kukua, na hapa ndio wengi wanachoma pesa kwa matangazo. Hii biashara iko na shida moja ya kuchekesha, mteja akifanikiwa anaenda. Akipata kazi hakuhitaji tena, na asipopata anakuchoka. Nilijaribu kubandika karatasi karibu na vyuo, nikajaribu kutengeneza picha za matangazo ya kazi zikiwa na jina letu hapo chini watu wasambaze kwa status, hii ya picha bado naifanya maana ni bure na inasaidia. Lakini kilichonitoa ni kugundua kwamba mteja nilikuwa nimekaa kwa kiti chake tangu siku ya kwanza. Mwenye saiba. Yeye hatafuti kazi, anahudumia wanaotafuta kila siku, ako na pesa kila jioni na CV moja inamkalisha dakika arobaini akipigana na fonti. Nikamwonyesha rafiki yangu akaimaliza kwa dakika tisa. Analipa 50 yake, anamchaji mteja bei yake ya kawaida, na ile foleni ya ngazi inapungua.

Kuuza kwa saiba nenda kwa mguu. Saa nne asubuhi ndio nzuri, mchana wako bize. Usieleze, keti uandike CV ya mteja aliye hapo, kwa simu yako, kwa data yako, acha mwenyewe aangalie saa. Githurai nilipata tatu siku moja, Kawangware nilitembea siku mbili nikapata moja, na wengine watakwambia wewe ni wa kuwanyang'anya kazi, hao waache, usibishane.

Kitu kimoja tu sikubali kubadilisha. Wenye saiba wote wanataka waweke namba yao ya simu kwa akaunti ya mteja ndio wasisumbuke kungoja SMS. Kazi inaenda haraka hivyo, ni kweli. Lakini mimi namkumbuka yule dada na barua pepe yake, kwa hivyo namba ni ya mteja na SMS inaingia kwa simu ya mteja, kama simu imezima wanangoja ipate chaji. Mmoja wa Githurai alinikasirikia vibaya kwa hiyo story, akasema ni ujinga wa wasomi. Siku mbili hakunishikia simu, ya tatu akanunua CV kumi.