Kukadiria gharama ya kutengeneza paa la mgongo (lenye pande mbili za mteremko) Goma

Kabla ya kuulizia bei ya mabati, panda ukague mbao. Choma kisu kwenye kila papi, yaani ubao unaopigiliwa mabati, hasa karibu na kofia (bati la kufunika kilele) na kwenye ukingo: kikizama kwa urahisi, papi hiyo imeoza na haishiki tena msumari. Hapo ndipo makadirio mengi huharibika, kwa sababu fundi aliyehesabu mabati tu atarudi kudai mbao paa likiwa wazi na mawingu yametanda.

Pima kwa kufuata mteremko, si sakafuni. Mita 5 za usawa kwenye mteremko wa nyuzi 30 huwa karibu mita 5.8 juu ya paa. Bati la mita 3 lenye upana wa sm 90 hufunika kama sm 80 baada ya kulaliana, na la juu lilalie la chini kwa sm 20. Kwa hiyo upande mmoja wa mita 8 kwa 5.8 unataka mabati 20. Ongeza 2 ya akiba. Misumari ya bati, 15 kwa kila moja, pamoja na mipira yake. Ipigwe kwenye mgongo wa wimbi. Ikipigwa bondeni, maji yanaingia.

Hapa Goma moshi wa volkano ya Nyiragongo hutia mvua asidi, nayo hula zinki. Usinunue bati jembamba kwa sababu ni rahisi: kutu huanzia palepale msumari ulipotoboa. Lipia unene, na rangi ya kinga.

Ufundi, usafiri na ngazi viandikwe kando, kwa sarafu moja: dola au faranga.